Madigadi za Baiskeli ya Changarawe: Soma Tope Kabla ya Kushika Spana

Ukirudi kutoka safari ya mvua, usikimbilie ndoo ya maji. Simamisha baiskeli penye mwanga, chuchumaa, uitazame ilivyochafuka. Tope lililoganda kwenye viatu, kwenye mnyororo, chini ya kiti na ndani ya madigadi limechora njia yote ambayo maji yalipita. Ukilisoma vizuri utajua kama madigadi zako ni fupi, ni nyembamba, zimefungwa vibaya, au hazikuifaa baiskeli hiyo tangu mwanzo. Ukiosha kwanza utabaki kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakomfanya mtu anunue madigadi mara tatu kabla ya kupata inayomfaa.

Baiskeli ya changarawe ni ngumu kuipatia madigadi kuliko ya lami. Matairi yake ni mapana, kuanzia milimita 35 hadi 50, na meno yake huokota vijiwe. Nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu mara nyingi ni ndogo, kisha njia yenyewe inaitikisa baiskeli tangu unapopanda hadi unaposhuka. Madigadi iliyotulia mwaka mzima kwenye lami inaweza kulegea kwa siku moja tu ya kokoto.

Vipimo vitatu kabla ya yote

Nimeona matatizo mengi yakiisha hapa hapa, kabla hata ya kugusa bolti.

Kwanza, pima upana halisi wa tairi. Usitegemee namba iliyoandikwa ubavuni. Tairi la 40 likivalishwa kwenye rimu pana hutanuka milimita moja au mbili zaidi, na tairi jipya huendelea kutanuka kidogo siku za mwanzo baada ya kujazwa upepo. Lipime likiwa na upepo wako wa kawaida, kutoka jino la pembeni upande mmoja hadi la upande wa pili. Madigadi iwe pana kuliko kipimo hicho kwa milimita 10 hivi. Kwa hiyo tairi linalopimika 42 linahitaji madigadi ya 52 au zaidi, hata kama maandishi yake yanasema 40.

Pili, pima nafasi. Chukua alenki ya milimita 10, uipitishe juu ya tairi pale foku inapokutana na fremu, kisha uende nyuma, pale bomba la kiti linapokaribiana na tairi. Ikiwa alenki hiyo haipiti wakati hakuna madigadi, basi madigadi kamili haitakaa salama na tairi hilo. Kumbuka madigadi ina unene wake, na kichwa cha bolti kwa ndani kinakula milimita nyingine kadhaa. Chaguo lako ni kuvaa tairi dogo zaidi, au kukubali madigadi iliyokatwa vipande viwili, kimoja mbele ya foku na kingine nyuma yake.

Tatu, jua ukubwa wa gurudumu. Rimu ya 700C ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Ya 650B ina 584. Wengi huchanganyikiwa hapa. Tairi la 47 kwenye 650B linafikia kipenyo cha karibu milimita 678, na tairi la 28 kwenye 700C nalo linafikia 678 hivyo hivyo. Ndiyo maana madigadi ya baiskeli ya lami inaweza kuonekana imelikaa gurudumu lako la 650B kama imepimwa, mkunjo wake ukiwa sahihi kabisa, halafu mvua ikakulowesha pande zote mbili. Mkunjo umepatana, upana haukupatana.

Viatu vimelowa, mnyororo umejaa mchanga

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na karibu kila mara anayelalamika anailaumu madigadi ya nyuma. Kosa liko mbele.

Tairi linapozunguka, maji hayaruki ovyo. Kila tone huliacha tairi kwa kunyooka, likifuata uelekeo ule ule tairi lilikokuwa linaelekea wakati huo. Nyuma ya gurudumu la mbele tairi linapanda juu kutoka ardhini, kwa hiyo maji ya hapo chini yanarushwa nyuma na juu kidogo, moja kwa moja kwenye ncha za viatu, bomba la chini la fremu, krenki na mnyororo. Maji hayo yamebeba mchanga laini. Mnyororo uliopakwa mchanga kila mvua unaisha upesi kuliko unavyostahili, na meno ya gia yanaisha nao.

Tazama bomba la chini la fremu. Ukiona tope limeanzia juu ya krenki na kupanda, madigadi yako ya mbele inaishia juu mno. Mwisho wake wa nyuma unapaswa kuufikia usawa wa ekseli na kuupita kwenda chini, halafu uongezewe ulimi wa mpira hadi zibaki sentimita 10 hivi kufika ardhini.

Nasisitiza mpira. Baadhi ya watu hurefusha madigadi kwa plastiki ngumu, na kwenye lami haina neno. Kwenye changarawe, plastiki ngumu iliyoshuka karibu na ardhi itagonga mzizi au ukingo wa mtaro, ikunjwe, ivutwe chini ya gurudumu. Ulimi unapaswa kupinda na kurudi. Kipande cha tyubu kuukuu ya gari kinafaa sana: kikate kiwe pana kuliko madigadi yenyewe, kifunge kwa bolti mbili zenye washa pana ili mpira usichanike. Kwa jasho dogo namna hii, ni vigumu kupata kitu kingine kitakachokausha miguu yako kiasi hicho.

Nyuma napo weka ulimi ikiwa unaendesha na wenzako. Wewe hutausikia faida yake hata kidogo. Anayekufuata ataisikia usoni.

Miguu mikavu, uso una madoa

Sehemu ya juu ya tairi la mbele huenda mbele kwa kasi kubwa kuliko baiskeli yenyewe. Maji yaliyobaki kwenye meno yanarushwa mbele, upepo unayapunguza kasi, nawe unayaingia. Chanzo ni madigadi inayoishia kwenye foku. Tafuta inayotangulia mbele ya foku kwa sentimita 10 au 15 angalau. Hakuna zaidi ya hapo.

Mstari mgongoni ingawa madigadi ipo

Hapa huwa ni ile madigadi ya kubana kwenye bomba la kiti, inayoning'inia juu ya gurudumu bila kushikwa mahali pengine. Mtikisiko unaizungusha kidogo kidogo hadi ikaelekea pembeni, au inainama ikawa mbali na mstari wa maji. Ikaze, isafishe pale inapobana, weka kipande cha mpira chini ya kibano. Kwa safari fupi inatosha. Lakini ijulikane kwamba inakinga mgongo tu. Kibadili gia, breki ya nyuma na mwenzako aliye nyuma hawapati chochote.

Kelele

Kelele ziko za aina tatu, na kila moja ina chanzo chake. Usianze kukaza bolti zote kwa hasira kabla hujajua unasikia ipi.

Ukisikia mgwaruzo mmoja kila gurudumu likizunguka, tatizo si madigadi. Tairi halijakaa sawasawa kwenye rimu, au rimu imepinda. Inua gurudumu, lizungushe, uangalie kama ukingo wa tairi unapanda na kushuka. Ipo pia sababu ndogo isiyodhaniwa: jani au kipande cha gome kilichonasa kwenye meno.

Ukisikia mgwaruzo unaokuja unaposimama kwenye pedali kupanda kilima na kukoma unapokaa, gurudumu na fremu vinapinda kidogo chini ya uzito wako na tairi linagusa ubavu wa madigadi. Paka chaki kwenye meno ya pembeni ya tairi, panda kilima kifupi, kisha chungulia ndani ya madigadi. Alama ya chaki itakuonyesha upande na mahali. Ikiwa upande mmoja tu, madigadi haikuwekwa katikati: legeza vishikio, yaani vile vijiti vyembamba vinavyoishika madigadi kutoka karibu na ekseli, isogeze, kaza tena. Ikiwa pande zote mbili, madigadi ni nyembamba kwa tairi hilo na hakuna kukaza kutakakoiponya. Kabla ya kuhukumu, hakikisha pia ekseli imekaa hadi mwisho na imekazwa, maana gurudumu lililokaa upande litakudanganya.

Ya tatu ni kugongagonga kusikoisha kwenye kila kokoto. Hii ndiyo inayowachosha watu wakazing'oa madigadi na kuapa hawatazirudia. Dawa yake ni kuifunga madigadi bila kuilazimisha, na kuna jaribio moja linaloonyesha ukweli wote: fungua bolti moja tu, nyingine zikiwa zimekazwa, uangalie madigadi inafanya nini. Ikibaki ilipokuwa, pale pamefungwa vizuri. Ikiruka mbali na fremu, hata kwa milimita tatu, basi bolti ile ilikuwa inaivuta kwa nguvu muda wote. Irudishe, nenda kwenye bolti inayofuata, rudia.

Pale iliporuka, usiivute tena. Jaza pengo kwa bushi au washa hadi madigadi ifike kwenye tundu lake yenyewe. Sehemu inayohitaji bushi mara nyingi ni chini, karibu na krenki, ambako fremu iko mbali na mkunjo wa madigadi. Kati ya madigadi na fremu weka washa ya mpira au ya ngozi. Chuma kwa chuma kitapiga kelele hata kikiwa kimekazwa vizuri. Vishikio navyo visiachwe virefu kupita kiasi. Vikate kwa msumeno wa chuma, lainisha ncha kwa tupa, vifunike kwa vikofia vyake, kwani ncha iliyoachwa wazi karibu na mguu ni kisu.

Jaribio hili huchukua jioni nzima mara ya kwanza. Nilipolifanya kwa mara ya kwanza kwenye baiskeli yangu, bolti nne kati ya tano ziliruka. Baada ya kuzijazia, kelele niliyoivumilia miezi mingi iliisha, na sikuwa nimenunua kitu ila washa.

Imepasuka

Mpasuko huanzia karibu kila mara kwenye tundu la bolti au pembeni mwa kibano, na chanzo chake ni kile kile cha kelele: madigadi iliyovutwa. Mtikisiko unaongeza mkunjo mdogo juu ya mvutano uliopo, maelfu ya mara, hadi plastiki au aluminiamu ichoke. Ukinunua nyingine ukaifunga vile vile, itapasuka pale pale.

Chanzo cha pili ni uzito wa mwishoni. Taa iliyofungwa kwenye ncha ya madigadi, au ulimi mzito, unafanya madigadi ipige mawimbi kama tawi lenye ndege. Hamishia taa kwenye keria au kwenye bomba la kiti.

Mpasuko ukiwa mdogo na safari ni ndefu, toboa tundu dogo la milimita 3 mwishoni kabisa mwa ufa. Ufa unaofika kwenye tundu la duara hupata shida kuendelea. Kisha bandika kibati chenye mkunjo kwa ndani na washa pana. Hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani, basi.

Kuhusu malighafi, plastiki inasamehe. Ukiifunga kombo kidogo inapinda na kuvumilia. Aluminiamu, kama za Honjo wa Japani, na chuma kisichoshika kutu, kama za Gilles Berthoud wa Ufaransa, hukaa imara na kutulia kwa miaka mingi zikifungwa kwa makini, ila makosa ya ufungaji zinayalipiza. Ukitoboa aluminiamu mwenyewe, lainisha ukingo wa tundu kwa tupa ndogo. Ukingo wenye vimeno ndiko ufa unakozaliwa. Kwa anayebadilisha matairi mara kwa mara ningesema plastiki bila kusita.

Kitu kinanasa ndani

Hapa naomba usome polepole, maana sehemu hii inahusu meno yako na shingo yako.

Jiwe au kijiti huokotwa na tairi chini, hupanda nao nyuma ya gurudumu, huingia kwenye madigadi kwa mwisho wake wa nyuma, hupita juu ya tairi pale foku inapokutana na fremu, na hutokea mbele. Madigadi ni mfereji wenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mlango wa kuingilia, ule wa nyuma na chini, unapaswa kuwa ndio mwembamba kuliko sehemu zote. Kutoka hapo nafasi ipanuke kidogo kidogo hadi mbele. Jiwe lililoweza kuingia litaweza kutoka.

Madigadi nyingi ninazoziona zimefungwa kinyume: zimeachwa wazi nyuma, ambako ni rahisi, na zimebanwa chini ya foku, ambako nafasi haikutosha. Vijiwe vinaingia kwa raha na kukwama juu. Dalili yake ni mlio wa jiwe linalosagwa, mkali, unaokoma ghafla. Pitisha alenki ya milimita 10 kutoka nyuma hadi mbele, kati ya tairi na madigadi. Pale inapokwama ndipo jiwe litakapokwama. Rekebisha urefu wa vishikio vya nyuma kwanza. Mara nyingi ndivyo virefu mno.

Kijiti ni hatari kuliko jiwe. Kikiingia kati ya tairi na madigadi ya mbele, au kikishikwa na spoku na kuvuta kishikio, madigadi inaweza kukunjwa na kusokomezwa chini ya foku. Gurudumu linasimama, baiskeli inasimama, wewe unaendelea. Kwa sababu hiyo vishikio vya mbele vinapaswa kuwa na klipu zinazoachia zenyewe zikivutwa kwa nguvu. Kampuni ya SKS ya Ujerumani huziita Secu-Clip, na watengenezaji wengine wanazo za kwao. Kwenye njia za msituni nisingeendesha na madigadi kamili ya mbele isiyo na klipu hizo.

Zijaribu kwa mkono: kamata kishikio karibu na klipu, vuta kwa nguvu. Ikiachia, nzuri. Isipoachia kabisa, imejaa mchanga. Ioshe na ujaribu tena. Na ikiwa inaachia yenyewe njiani bila sababu, usiifunge kwa waya au kifungo cha plastiki, hata ukiwa umekereka namna gani. Inaachia kwa sababu kishikio kinavutwa. Rudi kwenye jaribio la bolti. Mimi klipu iliwahi kunifanyia kazi yake mara moja: nilisikia mlio mmoja mkavu, madigadi ikachezacheza, nikashika breki taratibu. Kijiti cha unene wa kidole kilikuwa kimelala kati ya spoku na foku. Tangu siku hiyo huzikagua kabla ya kila safari.

Gurudumu limekuwa zito

Udongo wa mfinyanzi uliolowa hauna madigadi inayouweza. Unajikusanya ndani, unakauka nusu, kisha unalisugua tairi kama breki. Dalili ni sauti ya ufagio na miguu inayochoka bila kilima. Ukijua utapita udongo huo, vua madigadi nyumbani. Ukikutwa nao njiani, kijiti kigumu cha kukwangua ndicho chombo chako. Tairi lenye upana mdogo hatua moja litakupa nafasi zaidi, lakini dawa kamili sijaipata.

Hakuna pa kufungia

Fremu nyingi za mashindano hazina matundu ya bolti, hasa za kaboni. Tumia madigadi za mikanda ya mpira au zinazoshikwa na ekseli. Chini ya kila mkanda bandika kwanza utepe wa plastiki wa kukinga rangi: mchanga ukiingia hapo husugua kama msasa na kula rangi, kisha kaboni yenyewe. Vibano vya chuma vya kuzunguka bomba usiviweke kwenye foku ya kaboni. Kaboni haipendi kuminywa sehemu moja.

Ikiwa matundu yapo lakini kalipa ya breki ya diski imeziba njia, usikipinde kishikio ovyo ili kiikwepe. Bolti ndefu na bushi vitakitoa nje vya kutosha. Na ikiwa foku yako ina springi, madigadi lazima ishikwe na sehemu ya chini inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Ukiifunga juu, foku inayobonyea milimita 40 italipandisha tairi likagonge madigadi kwenye shimo la kwanza kubwa.

Kiatu kinagusa ukikata kona

Kwenye fremu ndogo, gurudumu likigeuzwa sana, nyuma yake hukutana na ncha ya kiatu, na madigadi huongeza sentimita moja na zaidi. Jaribu ukiwa umesimama: weka pedali mbele, geuza usukani. Ukikata kona kali kushoto, mguu wa kulia ndio usiwe mbele, na kinyume chake. Kwa mwendo wa kawaida huwezi kugeuza usukani kiasi hicho. Tatizo lipo kwenye mwendo wa polepole tu. Kama linakusumbua kila siku, magurudumu ya 650B ndiyo suluhisho, ikiwa fremu inayakubali.

Bolti zinapotea

Karibu zote ni za M5. Tumia loki nati pale nati inapoingia, na tone la gundi ya bolti pale bolti inapoingia kwenye fremu moja kwa moja. Kaza tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu washa za mpira na ngozi hubonyea zikishatikiswa. Bolti mbili za akiba usizibebe mfukoni: zikaze kwenye matundu ya fremu usiyoyatumia, hapo utazikuta siku utakayozihitaji.